Kula, kunywa na kutembea Dodoma mjini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watumishi waliohamishiwa Dodoma, wanafunzi wapya wa vyuo, na jamaa waliokuja kwa kikao, harusi au msiba wakabakiwa na jioni mbili mkononi. Majibu yanahusu hasa mji wa zamani, yaani Uhindini, Madukani, Majengo na mitaa inayozunguka Nyerere Square. Zimo pia sehemu chache za nje ya mji, kwa sababu asiyefika huko bado hajala Dodoma. Bei ni za kukadiria.

Ni kweli Dodoma hakuna pa kwenda?

Si kweli, na inauma kusikia hivyo kwa mtu aliyekaa hapa mwaka wa pili. Ukimuuliza anaishi vipi, utakuta analala Kisasa au Ilazo, asubuhi anakwenda Mtumba kazini, jioni anarudi na kula baa ileile ya jirani. Mji wenyewe anaupita kwenye gari, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi.

Dodoma inakutaka mambo mawili. Ushuke utembee, na uende na saa. Supu inayonukia saa moja asubuhi, saa nne sufuria limeshaoshwa. Mnada mkubwa ni Jumamosi. Zabibu zina miezi yake. Anayefika sehemu sahihi kwa saa isiyo yake ndiye huyo anayerudi akisema hakuna kitu.

Katikati ya mji ni wapi hasa? Kila mtu ananielekeza kwake.

Wote wanasema kweli, maana mji huu umejengwa kwa awamu. Mji wa kwanza ulikua kwenye reli. Wajerumani walipoivuta Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, ilifika hapa mwaka 1910, na maduka yakaanza kupangana kaskazini mwa stesheni. Huko ndiko Uhindini na Madukani. Mwaka 1973 ukatoka uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA ambayo wenyeji wa umri fulani hawaisahau. Ndiyo iliyopima viwanja kwa miaka zaidi ya arobaini hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Area A, Area C, Area D na wenzake ni watoto wa zama hizo. Kisha serikali ikahamia kweli kuanzia 2016, Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, na wizara zikajengwa Mtumba, upande wa mashariki.

Kwa mtu anayetaka kula na kutembea, katikati ni kule kule kwa zamani. Ukipotea, mwambie dereva wa bajaji "Nyerere Square" au "Jamatini". Hakuna atakayekuuliza ni wapi.

Nina saa mbili tu. Nipite wapi kwa miguu?

Anzia stesheni ya zamani ya reli. Jengo lenyewe halina makuu, lakini hapo ndipo mji ulipozaliwa, na ukisimama ukiangalia mjini unaelewa mpango wake wote. Jirani yake ni Dodoma Hotel, ambayo zamani ilikuwa hoteli ya reli. Ingia hata kama hulali hapo, agiza chai au soda na ukae kwenye ua wake wa ndani. Wabunge, makatibu wakuu, wafanyabiashara wa mazao na wasafiri wa treni wamekutana kwenye ua huo miaka mingi.

Ukitoka hapo panda taratibu kuelekea mjini. Kuna kanisa kuu la Anglikana lenye kuba za kimashariki, ambalo mgeni hulidhania msikiti. Mkabala wake kuna kanisa kuu kubwa la Kilutheri, na si mbali kuna msikiti wa Waismailia. Nyumba tatu za ibada kwa matembezi ya dakika chache. Kanisa kuu la Katoliki la Mtakatifu Paulo wa Msalaba liko magharibi kidogo kufuata reli; lifikie kama miguu inakubali.

Nyerere Square ndiyo pumziko. Kuna sanamu ya Mwalimu, vivuli, na watu wa kila aina: wanafunzi na madaftari yao, wazee wenye magazeti, familia zinazopiga picha. Mchana jua ni kali na panapwaya. Njoo kuanzia saa kumi na moja jioni.

Malizia Uhindini. Nyumba za ghorofa moja zenye baraza, maduka ya vitambaa na vyombo, mafundi cherehani barazani. Mitaa mingi ya hapa inaitwa kwa namba, Barabara ya ngapi na ya ngapi, hivyo kupotea ni kazi. Kutoka hapo unateremkia Majengo, sokoni, na njaa itakuwa imeshafika.

Wageni wengi hushangaa kwamba yote haya yanatembeka. Ndivyo ilivyokusudiwa. Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, uliufikiria mji wa watembea kwa miguu na mabasi, usio na majengo ya kutisha. Mengi yamekwenda njia nyingine tangu hapo, lakini mji wa zamani bado unakwenda kwa mwendo huo.

Asubuhi ninywe chai wapi?

Majengo na kandokando ya stendi za daladala. Kuna makundi mawili, chagua lako.

La kwanza ni la supu. Supu ya mbuzi, ya ng'ombe, ya utumbo, au makongoro yaliyochemka usiku kucha, pamoja na chapati mbili, limau na pilipili ya kuponda. Wanaoanza kazi alfajiri, yaani wapakiaji mizigo, makondakta na wachinjaji, hula hiyo, nao ndio wanaojua sufuria lipi ni zuri. Fuata walipo. Ukifika saa tatu utapewa mchuzi na mifupa.

La pili ni la chai na vitafunwa: maandazi, vitumbua, mihogo ya kukaanga, viazi vitamu, chapati. Chai ya rangi Dodoma hutiwa tangawizi ya kutosha, na asubuhi za Juni na Julai, upepo unapokata masikio, utamshukuru mama aliyeitia.

Mchana nile wapi bila kutumia hela nyingi?

Kwa mama lishe. Sahani ya wali maharage na mboga ni kama shilingi 2,000 au 3,000. Ukitaka nyama au samaki ongeza kidogo. Wapo sokoni Majengo, Sabasaba, na kwenye soko la wazi la Machinga barabara ya Bahi, ambako walipangiwa maeneo yao na vivuli vipo.

Jinsi ya kuchagua: angalia sufuria la maharage. Maharage yaliyoungwa vizuri yana mchuzi mzito uliojifunga wenyewe, hauogelei maji. Kama mama ana nazi, uliza. Nazi hapa husafiri kutoka Pwani, kwa hiyo anayeitia anajali. Na usiingie ukaanza kuagiza kama uko ofisini kwako. Msalimie kwanza, "Shikamoo mama," kisha "Leo umetupikia nini?" Utajibiwa kwa orodha, na mara nyingi kwa ushauri: "Mwanangu, leo chukua kunde, nyama haijaiva vizuri." Ushauri huo ufuate.

Chakula cha Kigogo chenyewe ni kipi, na kinapatikana mjini?

Ugali wa uwele au mtama kwa mlenda. Hilo ndilo jibu, na mtu akikaa Dodoma bila kuula, ameikosa Dodoma.

Sababu iko kwenye mvua. Hapa mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 600, tena haina ahadi. Mahindi hushindwa, uwele na mtama hustahimili. Mboga nazo huwa kijani miezi michache tu, kwa hiyo akina mama huchuma majani ya mlenda pori, ya kunde na mengineyo wakati wa neema, wakayakausha juani na kuyatwanga. Unga huo unakaa hadi masika mengine. Unapoula mlenda mkavu mwezi wa kumi, unakula hesabu ya mama aliyefikiria mwezi wa kumi akiwa mwezi wa tatu. Mboga hiyo hutiwa karanga zilizopondwa, magadi kidogo, wengine nyanya. Ukisikia mtu anaagiza ilende, ni huo huo.

Ugali wa uwele una rangi ya kijivu na harufu ya nafaka iliyoota jua. Kata tonge dogo, libonyeze katikati kwa kidole gumba lipate shimo, chota mlenda, halafu zungusha mkono juu ya bakuli kabla ya kuupeleka mdomoni ili uzi ukatike. Asiyejua huuvuta uzi hadi kwenye shati. Unga wa karanga hukaa ulimini baada ya mlenda kushuka, na ladha yake huja mwishoni, chungu kidogo na tamu kidogo.

Mjini, migahawa mingi hupika sembe kwanza, na ugali wa uwele au mtama hupikwa kwa kuulizia. Uliza asubuhi, urudi mchana. Mama lishe wa Majengo wenye asili ya Mvumi, Bahi au Chamwino watakupikia kwa furaha ukiwaomba jana yake. Ukimwamkia mzee kwa "Mbukwenyi," atakujibu "Mbukwa," na uso utafunguka hapo hapo.

Soko la Majengo lina nini cha pekee?

Ni soko la chakula la bara. Tafuta upande wa vyakula vikavu: unga wa mlenda kwenye visado, majani makavu ya kunde, njugu mawe, choroko, karanga, uwele, ulezi. Kuna mchele wa Bahi, unaolimwa kwa umwagiliaji. Kuna mafuta ya alizeti ya Dodoma na Singida, yale mazito yenye harufu ya mbegu. Asali hutoka Kondoa, Manyoni na Itigi. Ya huko nyika ni nyeusi na kali kuliko ya dukani. Ubuyu upo mweupe kama ulivyotoka kwenye kibuyu chake, na upo uliopikwa kwa sukari na rangi. Chukua mweupe. Miti yake utakuwa umeiona njia nzima.

Onja kabla ya kununua. Muuzaji mzuri hukupa kijiko mwenyewe. Na uende asubuhi, kwa sababu mchana joto la chini ya mabati hulifanya soko kuwa kazi.

Nyama choma bora iko wapi?

Mnada wa Msalato, Jumamosi, njia ya kwenda Kondoa na Arusha. Baa za mjini zinachoma vizuri pia, lakini Msalato ni jambo jingine na sitafuti namna ya kulipunguza.

Kwanza ni mnada wa mifugo wa kweli. Wafugaji huleta ng'ombe, mbuzi na kondoo, na utawakuta Wagogo, Warangi, Wamasai na Wamang'ati wamesimama na fimbo zao, wanakagua meno na mgongo, wanaachana, wanarudiana. Pembeni yake kuna mnada wa vitu: mitumba, masufuria, majembe, viatu vya matairi, dawa za mifugo, mashuka ya kimasai. Tembea kwanza huko ukizungukazunguka.

Kisha nenda kwenye moshi. Nyama huning'inizwa, unachagua mwenyewe na kupimiwa kwa kilo. Kwa mbuzi, omba mbavu na kidari. Paja ni kubwa lakini ni kavu. Mbuzi wa huku ni wadogo, wamekulia kwenye majani makavu na maganda ya migunga, kwa hiyo hawana mafuta ya kuziba ladha. Mchomaji huzichomeka nyama kwenye vijiti virefu, akavisimamisha ardhini kuuzunguka moto, vimeinama kidogo kuelekea katikati. Moto hauigusi nyama. Joto ndilo linaloipika, na mafuta hudondoka pembeni badala ya kuwaka. Atakuja kugeuza kijiti kimoja kimoja, nyama ikianza kubadilika rangi ataimwagia maji ya chumvi kwa kunyunyiza, na hapo ndipo harufu inapokuja.

Usimharakishe. Inachukua kama saa nzima, na anayesema "nipe hiyohiyo" hula nyama ya kutafuna hadi jioni. Ikiwa tayari hukatwakatwa juu ya gogo na kuletwa kwenye sinia pamoja na chumvi, pilipili mbuzi, limau, ugali au ndizi za kuchoma. Mnakula kwa mkono, mmezunguka sinia moja. Watu wanne, kilo mbili zinatosha kama hamkunywa chai.

Nenda kuanzia saa tano. Vaa viatu vya kufunika vidole, beba maji ya kunawa na ya kunywa, na hela taslimu ya noti ndogo. Simu na pochi viwe mfuko wa mbele, kama kwenye mnada wowote.

Na kuku?

Jina utakalotajiwa na kila mtu ni Chako ni Chako. Kuku wa kuchoma, chipsi au ndizi, kachumbari, meza zimejaa. Umaarufu wake haukuanza juzi. Wasafiri wa mabasi na wabunge wamekula hapo miaka nenda rudi. Ukitaka wa kienyeji sema "wa kienyeji" waziwazi na ukubali kusubiri. Kuku wa kienyeji wa Dodoma na Singida husifiwa nchi nzima, na wengi wanaouzwa Dar es Salaam hupakiwa huku huku. Mifupa yao ni migumu na supu yao ni ya njano.

Kuna samaki mji huu usio na bahari wala ziwa?

Wapo. Perege na kambale wa bwawa la Mtera huletwa kwa barabara ya Iringa, na wengine hutoka Hombolo. Mwagizie mama lishe perege wa kukaanga kwa ugali.

Zabibu zinapatikana lini, na mvinyo wa Dodoma nianzie wapi?

Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka: kuanzia kama mwezi wa pili na wa tatu, na tena mwezi wa nane na wa tisa. Kwenye nchi zenye theluji mzabibu hulala msimu wa baridi. Hapa haulali. Mkulima anaukata matawi, nao unachipua upya na kuzaa tena, kwa hiyo mavuno yanamfuata yeye na makasi yake. Kilimo hiki kilianzia kwa wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, kusini magharibi mwa mji, na leo kiko Hombolo, Mpunguzi, Matumbulu, Mbabala, Mvumi, Chinangali na kwingineko. Kituo cha utafiti kiko Makutupora, na jina hilo limepewa zabibu nyekundu inayolimwa sana hapa, Makutupora Red. Nyeupe ni Chenin Blanc kwa sehemu kubwa.

Wakati wa msimu utaona zabibu barabarani kwa ndoo na kwa mafungu. Nyingi ni za kutengenezea mvinyo. Zina mbegu, ganda gumu na ukali kidogo, lakini zikiwa zimechumwa asubuhi ile ni tamu ajabu. Angalia kikonyo. Kikiwa kijani zimetoka shambani leo, kikiwa cha kahawia zimeshalala. Nunua kidogo, osha, kula siku hiyo hiyo.

Kuhusu mvinyo, kuna Dompo, mtamu na wenye nguvu, unaouzwa kila glosari. Unywe taratibu kwa sababu utamu wake unaficha kilevi. Kuna mvinyo wa viwanda kama CETAWICO cha Hombolo, na mvinyo wa misheni ya Bihawana ambao wenyeji wengi huuheshimu kuliko yote. Kuna pia wasindikaji wadogo wengi. Ukiagiza, sema unataka mkavu au mtamu. Ukisema drai watakuelewa. Omba upoe, hata mwekundu, maana joto la chumba cha Dodoma mwezi wa kumi na moja si la kunywea mvinyo. Na ule na mbuzi. Makutupora mkavu pamoja na mbavu za kuchoma ni chakula ambacho mji wowote duniani ungejivunia.

Jambo moja ningependa wageni walijue. Zabibu mbivu haisubiri. Mkulima asipopata mnunuzi ndani ya siku chache, mzigo unaoza, ndiyo maana wengi huikamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda, kwa bei ya kubahatisha. Ukinunua chupa ya Dodoma badala ya ya nje, fedha hiyo ina safari fupi sana hadi shambani. Muulize mwenye baa anayo ipi ya hapa. Akisema hana, muulize tena wiki ijayo. Baa huleta kile kinachoulizwa.

Situmii pombe. Jioni nikae wapi?

Kwenye kahawa. Majengo na mitaa ya karibu na misikiti, kuanzia saa kumi na moja, wauza kahawa hutandaza mabenchi, birika juu ya mkaa, vikombe vidogo, kashata ya karanga. Kahawa ni chungu, haina sukari. Kashata ndiyo sukari. Hapo utasikia habari za mji kabla hazijafika redioni: bei ya mahindi Kibaigwa, kikao cha Bunge kinamalizika lini, nani kauza kiwanja. Mgeni anakaribishwa. Wasalimie wote kwa pamoja, kaa, na usiwe wa kwanza kuzungumzia siasa.

Juisi ya miwa yenye limau na tangawizi hukamuliwa mbele yako. Juisi ya ubuyu ni nzito na chachu, ya ukwaju inakata kiu vizuri baada ya vumbi. Mwezi wa Ramadhani, Majengo jioni hujaa futari: magimbi, mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga. Uende hata kama hufungi, lakini uwaache waliofunga wahudumiwe kwanza.

Kitimoto?

Ipo, kwenye baa zake na majiko yake. Usiulizie kwenye mgahawa wa Majengo.

Nakuja na watoto. Wapi panafaa?

Nyerere Square jioni, waachie wakimbie. Kama wanapenda mawe, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ina makumbusho ya miamba na madini hapa mjini. Ni ofisi ya serikali, kwa hiyo nenda siku ya kazi. Kupanda treni ya umeme ya SGR nako ni matembezi tosha kwa mtoto. Tangu ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, Dar es Salaam imekuwa chini ya saa nne, na stesheni ya Samia Suluhu Hassan imejengwa kwa umbo la milima ya miamba ya hapa. Waonyeshe milima halisi dirishani, walinganishe.

Naruhusiwa kupiga picha?

Sokoni na mnadani omba ruhusa kwanza, hasa kwa wafugaji. Bunge, Ikulu, kambi, vituo vya polisi na majengo ya serikali usipige kabisa.

Nije msimu gani?

Kwa zabibu nimeshasema. Kwa hali ya hewa, Mei hadi Agosti ni baridi na kavu. Mji uko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku utahitaji sweta. Oktoba na Novemba ni joto na vumbi. Baada ya mvua za kwanza za Desemba mji hugeuka kijani kwa siku chache, na huo ndio wakati ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu mboga mbichi hurudi sokoni na mlenda unapikwa wa majani yaliyochumwa asubuhi.

Angalia pia ratiba ya Bunge. Mkutano wa bajeti huanza Aprili hadi mwisho wa Juni. Vyumba hujaa na bei hupanda. Weka nafasi mapema, au njoo Julai.

Usafiri wa ndani ukoje, na usiku ni salama?

Mabasi ya mikoani hushusha Nzuguni, Nanenane, mbali na katikati. Kuna daladala hadi mjini. Ukiwa na mizigo chukua bajaji na upatane bei kabla ya kupanda. Ndani ya mji wa zamani miguu inatosha.

Usiku mitaa yenye watu ni salama kwa kiasi cha mji wowote. Baada ya saa nne usitembee peke yako kwenye njia za giza za kuelekea relini au korongoni. Mwombe mwenye mgahawa akuitie bodaboda anayemfahamu. Watu hapa hufanya hivyo bila kuombwa mara mbili.

Nina siku nzima ya ziada. Nitoke nje ya mji?

Toka. Kaskazini kuna Kondoa, na kupita hapo kuna Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2006. Barabara ni ya lami, lakini anza alfajiri, na pitia ofisi ya Kolo upate mwongozaji, maana michoro iko mlimani na imetawanyika. Mashariki, njia ya Morogoro, kuna Chamwino, ambako hufanyika tamasha la muziki wa Cigogo. Zeze, marimba na ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama wamezibana mapajani, papo hapo mbele yako. Hukwe Zawose, aliyeufikisha muziki huu duniani hadi alipofariki mwaka 2003, alikuwa mtoto wa nchi hii. Ulizia tarehe mapema.

Nibebe zawadi gani?

Unga wa mlenda, na umwambie utakayempa aupike na karanga. Asali nyeusi kwenye chupa uliyoifunga mwenyewe kwa nailoni. Lita chache za alizeti. Chupa mbili za mvinyo zilizoviringishwa kwenye nguo. Zabibu zinunue asubuhi ya kuondoka, uzipange kwenye boksi lenye matundu, safu moja juu ya gazeti, na boksi ulishike mapajani. Ukiliweka kwenye buti la basi, litafika Dar es Salaam likiwa mchuzi.